Oveni Inayoangusha Breka: Kutafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Oveni ya mama mdogo, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, iliangusha breka kwa miezi miwili, kisha ikaacha. Ilipoacha ndipo alipoanza kuumwa vidole.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Hebu itazame hii oveni. Nikiushika mlango yaniuma kama siafu.”

“Tangu lini?”

“Tangu alipokuja yule fundi. Kabla yake ilikuwa ikikata stima tu.”

Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Idd, na oda za mkate wa mayai zimejaa daftari hadi ukurasa wa pili. Nilichomoa plagi ukutani, nikaifungua kwa bisibisi. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ulikuwa umekatwa, ncha yake imekunjwa nyuma na kuzungushiwa teipu nyeusi. Hilo ndilo mama mdogo alilolipia. Breka ilitulia kweli, lakini ile stima iliyokuwa ikivuja haikwisha. Ilikosa njia ya kurudi ardhini, ikabaki kwenye mabati ya oveni ikimngoja mtu atakayeushika mlango akiwa pekupeku juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya ile teipu nyeusi. Breka inayoanguka inakupa habari, na habari yenyewe ni ya kina kuliko watu wanavyodhani: ukijua ni swichi gani iliyoanguka, na imeanguka dakika ya ngapi, umeshafika nusu ya safari kabla ya kugusa bisibisi.

Kabla ya kugusa chochote

Kuzima oveni kwa kitufe chake hakutoshi, na kuzima swichi ya soketi hakutoshi pia. Chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona muda wote unaofanya kazi. Oveni iliyofungwa moja kwa moja ukutani bila plagi zima swichi yake ya jikoni, zima breka yake kwenye kisanduku, kisha uhakikishe kwa malitimita, ile mita ndogo ya fundi ya kupimia stima, kwamba hakuna stima kwenye nyaya. Kama huna mita, au huna hakika na unachokisoma, ishia kwenye hatua za kutazama na kuchomoa. Hizo peke yake zinatosha kumwambia fundi pa kuanzia.

Vaa viatu vikavu vya mpira. Acha oveni ipoe saa nzima. Na kama oveni yako ina maikrowevu ndani yake, usiifungue kabisa: ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti nyingi hata baada ya kuchomoa plagi, nayo yaweza kuua.

Breka ikianguka, irudishe mara moja, ikizidi sana mara mbili. Ikiwa inaanguka papo hapo kila ukiirudisha, iache chini. Kila unapolazimisha, pale palipo na hitilafu panapigwa na mkondo mkubwa upya.

Swichi gani iliyoanguka?

Kwanza ondoa mambo mepesi. Tazama kama jirani ana stima, na kama tokeni zako hazijaisha. Kisha fungua kifuniko cha kisanduku cha breka na utazame kwa utulivu, ikibidi kwa tochi ya simu, kabla hujarudisha kitu. Watu wengi hukimbilia kuinua swichi zote kwa mkupuo, na ushahidi unapotea hapo hapo.

Utakuta swichi ndogo ndogo zimepangwa mstari, zimeandikwa namba kama C20 au B16. Hizi ni breka za kawaida, MCB. Namba ni ampia zinazoruhusiwa. Breka hii huanguka kwa sababu mbili: ama mzigo umezidi kwa muda hadi kipande cha metali ndani yake kikapata moto na kupinda, ama waya wa moto, unaoleta stima, umegusana na nyutro, waya wa kuirudisha (au na ardhi), na mkondo mkubwa ukapita kwa ghafla.

Kando yao, kwa kawaida kuna swichi pana zaidi yenye kitufe kidogo cha kuijaribia kilichoandikwa T. Hiyo ni RCD. Haijali unatumia ampia ngapi. Kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda kwenye vifaa kwa waya wa moto na ile inayorudi kwa nyutro. Zikitofautiana, maana yake kuna inayotorokea ardhini, labda kupitia mabati ya oveni, labda kupitia mwili wa mtu. RCD ya nyumbani kwa kawaida ni ya miliampia 30, na inaruhusiwa kuanguka wakati wowote kuanzia nusu ya hapo. Ni kiasi kidogo mno, na lazima kiwe kidogo, kwa sababu moyo wa binadamu hauhitaji mkondo mkubwa kuvurugika.

Kwa hiyo:

– Ikianguka RCD, oveni inavujisha stima. Tafuta elementi (kile chuma kinachotoa moto ndani ya oveni) iliyopasuka, unyevu, au waya unaogusa mabati.
– Ikianguka MCB, kuna mzigo uliozidi au nyaya zilizogusana. Anza na hesabu ya mzigo.
– Zikianguka zote mbili kwa pamoja, mara nyingi waya wa moto umegusa mabati kabisa.

Kuna visanduku vipya ambavyo kila breka imeunganishwa na RCD yake ndani ya swichi moja yenye kitufe cha T. Hapo kutazama peke yake hakutakwambia ni sababu ipi, na itabidi utegemee sehemu inayofuata. Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, bado zina fyuzi za zamani na hazina RCD kabisa. Kama ni yako, kuongeza RCD ni kazi ya kwanza kumpa fundi, hata kabla ya oveni.

Inaanguka dakika ya ngapi?

Hapa ndipo penye utajiri wote. Chukua karatasi uandike: niliwasha saa ngapi, imeanguka saa ngapi, kitufe kilikuwa wapi, nini kingine kilikuwa kimewashwa. Fanya hivyo mara mbili tatu kabla ya kuita mtu.

*Inaanguka unapochomeka plagi tu, oveni ikiwa imezimwa.* Tatizo liko kabla ya vitufe: waya wa oveni umekatika au umebanwa nyuma ya kabati, plagi imefungwa vibaya, au pale waya unapoingia kwenye oveni pameungua. Nimewahi kukuta waya uliotafunwa na panya nyuma ya kabati, shaba ikiwa wazi kiasi cha kidole. Kuna sababu nyingine inayowachanganya hata mafundi: nyutro ikigusana na ardhi ndani ya oveni, RCD yaweza kuanguka hata swichi ya soketi ikiwa imezimwa, kwa kuwa soketi nyingi hukata waya wa moto peke yake na kuiacha nyutro imeunganishwa. Ajabu yake ni kwamba inaanguka mtu anapowasha kitu kingine kabisa, kama pasi chumbani, na lawama yote inaiendea pasi. Ndiyo maana ninasisitiza kuchomoa.

*Inaanguka papo hapo ukigeuza kitufe.* Elementi imegusa mabati yake kwa ndani, au waya umechomoka ukagusa mwili wa oveni. Hii ndiyo hitilafu nyepesi kuipata kwa mita.

*Inaanguka ndani ya dakika chache za mwanzo, na siku ikivumilia hapo inaoka hadi mwisho bila shida.* Huo ni unyevu. Nitaurudia hapa chini, maana kwa mtu wa pwani ndio mashuhuri.

*Inakwenda vizuri dakika kumi, kumi na tano, kisha RCD inaanguka. Ukingoja ipoe, inakubali tena.* Hapo ishuku elementi yenye ufa. Ikiwa baridi ufa umefunga. Ikipata moto chuma kinatanuka, waya wa ndani unakaribia ganda, na stima inavuja. Oveni ya mama mdogo ilikuwa na dalili hii hasa, na aliniambia bila kujua kwamba ananipa jibu: “Ilikuwa ikingoja keki ifure ndipo ikate.”

*MCB inaanguka baada ya dakika nyingi, RCD haijaguswa.* Mzigo umezidi, au kuna skrubu iliyolegea kwenye breka. Skrubu ikilegea panapata moto, na moto huo huo unaidanganya breka. Nusa, na kwenye soketi pia. Harufu ya plastiki inayoungua, au rangi ya kahawia kwenye pini moja ya plagi, ni dalili ya wazi. Ukiona hivyo usiiwashe tena hadi soketi ibadilishwe.

*Inaanguka kwa grili tu, au feni tu, au taa tu.* Umeshaipata sehemu yenyewe.

Watu hunambia pia kwamba stima ya jioni ni dhaifu ndiyo maana oveni inakata. Kwa oveni ya elementi sivyo. Volti zikipungua, elementi inavuta ampia chache zaidi, na oveni inachelewa tu kupata moto.

Majaribio yasiyohitaji kifaa

Chomoa oveni, rudisha swichi zote, kisha uishi nayo nyumba kama kawaida. Ikianguka tena bila oveni, oveni haina hatia, nenda ukatafute kwenye pampu ya maji, mashine ya kufulia au AC.

Isipoanguka, fanya jaribio la pili. Chomoa vifaa vingine vyote vinavyopitia RCD hiyo, pamoja na friji, ubakishe oveni peke yake. Ikifanya kazi bila kukata, usiharakishe kufurahi. RCD moja hujumlisha uvujaji wa nyumba nzima: friji ya zamani inavuja kidogo, mashine ya kufulia kidogo, AC kidogo, na oveni inakuja juu yake na kidogo chake. Kila kimoja kikipimwa peke yake kinaonekana kizima. Dawa yake ni fundi kugawanya nyumba kwenye RCD mbili, au kumpa jiko RCD yake peke yake.

Jaribio la tatu ni la vitufe. Oveni nyingi za mezani zina kitufe cha kuchagua moto wa juu, wa chini, au zote mbili. Washa chini peke yake kwa dakika 20. Iache ipoe. Washa juu peke yake. Kisha feni. Kisha taa. Andika. Usitumie ekstensheni kwa majaribio haya wala kwa kuokea: ekstensheni za bei rahisi zina waya mwembamba na migusano dhaifu, nazo huyeyuka kabla breka haijajua lolote.

Hesabu ya mzigo

Tafuta kibandiko nyuma ya oveni au kwenye fremu ya mlango, usome wati. Gawanya kwa 240, volti za stima ya Kenya, upate ampia. Oveni ya mezani ya wati 1,500 inakula ampia 6 na kidogo. Ya wati 2,000 inakula 8.3. Ya wati 3,000 inafika 12.5, na hapo plagi ya ampia 13 imeshafika ukingoni. Jiko kubwa la stima lenye plati nne na oveni chini laweza kufika wati 8,000 au zaidi, yaani ampia 33 na kuendelea. Hilo halina haki ya kuwa na plagi kabisa. Linataka waya wake mnene, wa milimita 6 za mraba au 10, na swichi yake ya jikoni yenye breka yake.

Sasa tazama jikoni alasiri ya Ramadhani. Oveni ya 3,000 inaoka, birika la 2,200 linachemka, maikrowevu ya 1,200 inapasha, na mtoto anapiga pasi kanzu kwa pasi ya 1,200. Jumla ni wati 7,600, karibu ampia 32, zote kwenye breka moja ya 20. Breka haitaanguka papo hapo. Itapata moto polepole, na kisanduku kikiwa kwenye korido isiyo na hewa, katika joto letu, itaanguka mapema zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika. Panga zamu, au mwite fundi akutengee laini ya oveni.

Usimkubalie mtu anayekwambia atakuwekea breka kubwa zaidi. Breka inaulinda waya ulioko ndani ya ukuta, na waya wa soketi wa milimita 2.5 haujaongezeka unene kwa sababu breka imeandikwa 32. Utakaopata moto ni waya, ndani ya ukuta usioonekana, usiku watu wamelala.

Kufungua na kupima

Unahitaji malitimita, bisibisi ya nyota, koleo, na simu ya kupigia picha. Piga picha kila mara kabla ya kuchomoa waya. Usiitegemee kumbukumbu.

Anza bila kufungua oveni, plagi ikiwa mkononi mwako. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa njia ya stima. Geuza vitufe vya oveni kana kwamba unaoka. Gusa pini mbili fupi za plagi. Oveni ya wati 2,000 inapaswa kusoma karibu omu 29, ya 3,000 karibu 19, ya 1,500 karibu 38. Ukisoma sifuri au omu moja hivi, nyaya zimegusana. Ukisoma hakuna njia kabisa, elementi imekatika, au oveni ni ya kidijitali ambayo relei zake (swichi za ndani) hazifungi bila stima, na kwa hiyo itabidi upime ndani.

Kisha weka mita kwenye kiwango cha juu kabisa cha omu. Gusa pini ndefu, ya ardhi, pamoja na pini fupi moja, halafu nyingine. Oveni nzima haionyeshi kitu: mita itasema OL au itaandika 1 peke yake, yaani hakuna njia kabisa. Ikionyesha namba yoyote chini ya omu milioni moja, kuna uvujaji. Omu 8,000 ndizo zinazopitisha miliampia 30 kamili kwa volti 240, na omu 16,000 zinatosha kuiangusha RCD iliyo nyepesi.

Kipimo kingine kidogo, ambacho watu hukisahau: pini ya ardhi na mabati ya oveni, mahali palipokwanguka rangi. Hapa unataka karibu sifuri, chini ya omu moja. Namba ikizidi hapo, waya wa ardhi umekatika mahali fulani, na oveni hiyo haitumiki hadi urudishwe.

Malitimita ina mpaka wake. Inapima kwa volti chache za betri, na uvujaji mwingine haujitokezi hadi usukumwe na volti nyingi. Fundi mwenye megga, mita ya kupimia uvujaji, hupima kwa volti 500, na hapo ufa uliojificha unajionyesha. Kwa hiyo mita ikisema oveni ni nzima na RCD inaendelea kuanguka, iamini RCD.

Sasa fungua bamba la nyuma. Kabla ya kupima lolote, tazama. Hewa ya chumvi hufanya migusano ya shaba iwe na ukoko wa kijani, na vile vibanio vya bati vinashika kutu hadi vinavunjika ukivigusa. Utakuta mende, maana wanapenda joto la nyuma ya oveni, na mara nyingine mjusi kafiri aliyekauka katikati ya nyaya mbili. Safisha kwa brashi kavu. Tazama kila waya pale unapopita kwenye tundu la mabati: ganda limechubuka?

Chomoa nyaya zote mbili za elementi moja, siyo mmoja. Gusa ncha moja ya mita kwenye pini ya elementi, nyingine kwenye ganda lake la chuma. Rudia kwa kila elementi, kisha feni, kisha taa. Itakayosoma ndiyo mwenye makosa. Fahamu kwamba thamostati, swichi inayodhibiti joto la oveni, mara nyingi hukata waya wa moto tu, kwa hiyo elementi mbovu imeunganishwa na nyutro hata oveni ikiwa “imezimwa”, na yaweza kuangusha RCD usiku wa manane.

Ya mama mdogo ilikuwa ya chini. Mita ilicheza kati ya omu 14,000 na 20,000, haitulii. Niliitoa nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Upande wa chini, kwenye pindo, palikuwa na kivimbe cheusi kisichozidi punje ya mtama, na juu yake mstari mwembamba kama unywele. Nilipougusa kwa ukucha, unga mweupe ulimwagika kidogo kwenye kiganja changu. Ule unga ni magnesiamu oksaidi, ndio unaoutenga waya wenye stima na ganda la nje. Ukiuona nje, elementi imekwisha.

Unyevu wa pwani

Unga huo huo unanyonya unyevu kama chumvi ya mezani inavyoshikana masika. Oveni iliyokaa miezi bila kuwashwa, hasa mvua za Aprili na Mei zikiwa zinanyesha, au iliyooshwa kwa maji mengi, hunyonya unyevu kupitia ncha za elementi. Ukiiwasha, RCD inaanguka. Elementi haijafa, imelowa tu.

Mafundi wengine huikausha kwa kutoa waya wa ardhi na kuiwasha hivyo hivyo. Tumeshaona mwisho wa njia hiyo. Ziko njia salama mbili. Ya kwanza: itoe elementi, uiweke kwenye oveni ya gesi kwa nyuzi 120 hadi 150, saa moja au mbili, iache ipoe, kisha upime tena. Namba ikipanda hadi OL, irudishe. Ya pili, kama oveni ina elementi zaidi ya moja: fundi achomoe nyaya zote mbili za iliyolowa, azitenge vizuri kwa vifuniko vinavyostahimili moto, kisha oveni iwashwe kwa elementi nzima peke yake hadi joto liikaushe mwenzake.

Nyumbani kwangu, masika yakiingia, oveni inawashwa tupu dakika 20 kwa nyuzi 150 kila wiki, hata kama hakuna anayeoka. Na inasafishwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, si kwa kumwagiwa maji.

Kubadilisha elementi

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha mambo matatu: wati, volti, na umbo pamoja na umbali wa matundu ya skrubu. Kabla hujalipa, omba mita ya muuzaji upime pini na ganda hapo hapo kaunta. Elementi mpya iliyokaa kwenye rafu miaka nayo hunyonya unyevu.

Wakati wa kufunga, tumia waya wa ndani unaostahimili joto, wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba ganda lake linalainika na kuyeyuka karibu na elementi, na teipu nyeusi inayeyuka mapema zaidi. Kibanio kilichoshika kutu kibadilishe, usikikwangue ukakirudisha, kwa sababu mgusano uliolegea utapata moto na baada ya miezi mitatu utakuwa umefungua bamba lile lile.

Oveni ya mtumba

Neno fupi kwa wanaonunua oveni zilizotumika kutoka nje. Soma kibandiko: iliyoandikwa volti 110 au 120, kama za Marekani, usiichomeke. Iliyokuja na plagi ya pini mbili za duara mara nyingi ardhi yake iko kwenye vibamba vya pembeni, na adapta nyingi za hapa hazivigusi. Oveni kama hiyo itafanya kazi dukani bila kuangusha chochote kwa sababu haina ardhi, na ikifika kwako ukaifunga plagi ya pini tatu, ndipo uvujaji wake unajitokeza. Badilisha plagi kwanza, pima ardhi, kisha ndio uzungumze bei.

Wakati wa kumwita fundi

Mwite kama breka inaanguka oveni ikiwa imechomolewa, kama soketi au kisanduku kinanuka kuungua, kama RCD haianguki ukibonyeza T, au kama mtu yeyote nyumbani amepigwa hata kidogo. Mtafute mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Mpe karatasi uliyoandika nyakati. Akimaliza, mwambie akuonyeshe namba za megga, kila waya na ardhi. Chini ya omu milioni moja usikubali. Mita ya stima na muhuri wake ni vya Kenya Power, hivyo asiviguse.

Baada ya matengenezo

Kwa mama mdogo nilianza na plagi. Waya wa ardhi ulirudi mahali pake kabla ya elementi mpya kutoka kwenye karatasi yake. Nilipima pini ndefu na mabati: nusu ya omu. Nikapima pini fupi na ardhi: OL. Tukaiwasha tupu, dirisha wazi, maana elementi mpya hutoa moshi na harufu mara ya kwanza, tukaiacha nusu saa ipite zile dakika kumi na tano zilizokuwa zikiishinda. Breka ilisimama.

Mwisho nilienda koridoni nikabonyeza kitufe cha T. RCD ikaanguka kwa sauti, nyumba nzima ikazima, na mama mdogo akapiga kelele kutoka jikoni kwamba imeanza tena. Nilimwita aje atazame, nikamwonyesha kitufe, nikamwambia akibonyeze mwenyewe kila mwezi unapoandama. Alikibonyeza mara ya pili kwa kidole chake, akaiinua swichi, akarudi jikoni kupaka sinia samli.